Kaka ni wa Windows, dada ni wa Mac: nimfuate nani?

BARUA YA MSOMAJI

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 32, ninaishi jijini Mbeya, na kazi yangu ni kupiga na kuhariri video. Nilianza na harusi na sherehe za kuwaaga mabinti, baadaye nikaingia kwenye video za kwaya, na sasa sehemu kubwa ya kipato changu inatokana na makala fupi ninazovitengenezea vyama vya msingi vya wakulima wa kahawa Mbozi na wa chai Rungwe. Ninaye msaidizi mmoja, kijana ambaye nimemfundisha mwenyewe, na programu anayoijua ni Premiere Pro, ambayo ninailipia kila mwezi.

Kompyuta yetu ni ya mezani. Ina Windows 10, kichakataji cha Intel Core i7 cha kizazi cha 7, RAM ya gigabaiti 16 na kadi ya grafiki ya NVIDIA GTX 1060. Aliniundia kaka yangu, ambaye ni fundi kompyuta na ana kibanda chake Mwanjelwa. Kila kilichowahi kuharibika ndani yake amekitengeneza yeye, mara nyingi bila kunidai chochote.

Tatizo ni kwamba kompyuta hiyo sasa inakwama. Tangu tulipoanza kutumia kamera ya Sony A7 IV, ambayo tunairekodisha kwa XAVC HS (aina ya faili za video za Sony), 4K, fremu 50, biti 10, 4:2:2, yaani mpangilio wenye taarifa nyingi za rangi, uhariri umekuwa mateso. Hivi karibuni nilikuwa ninahariri ibada ya ndoa: bwana harusi anasema kiapo chake, sauti yake inaendelea vizuri, lakini mdomo wake kwenye skrini umesimama, kisha picha inaruka moja kwa moja hadi pale waumini wanapopiga makofi. Ninalazimika kukata kwa kusikiliza tu. Kazi za zamani tulizopiga kwa A7 III bado zinakwenda, lakini hizo zinazidi kupungua. Umeme nao ukikatika, UPS yangu inanipa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima tu, na kama nilikuwa ninarenda, yaani ninatoa video ya mwisho, ninaanza upya.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, ana studio Kihesa, Iringa. Anatumia MacBook Pro yenye chipu ya M1 Pro na programu ya kuhariri ya Final Cut Pro. Ameahidiwa kazi ya mfululizo wa vipindi kuhusu mashamba ya chai na misitu ya kupandwa ya Mufindi, na anataka tuifanye pamoja, mimi nihariri vipindi vingine na yeye vingine. Ananisisitiza nihamie Mac kabla kazi haijaanza. Maneno yake ni kwamba hakuna mhariri wa kweli anayefanya kazi kwenye Windows, na kwamba tukiwa na mashine tofauti tutachelewesha kazi. Ameshanitafutia MacBook Pro ya mwaka 2019, ya inchi 16 na yenye Intel Core i9, iliyotumika, kwa muuzaji wa Kariakoo.

Kaka naye amesikia habari hizo. Anasema Mac ni kulipia nembo, kwamba RAM yake haiongezwi na kwamba ikifa hapa Mbeya itakuwa imekufa kabisa. Ameniandikia orodha ya vifaa vya kompyuta mpya: kichakataji cha Intel Core i5-12400F, kadi ya RTX 3060, RAM ya gigabaiti 32 na diski ya SSD. Hajanikasirikia, lakini tangu siku hiyo haji nyumbani kama alivyozoea, na ninahisi kwamba nikinunua Mac ataona nimeidharau kazi ya mikono yake.

Nina akiba ya shilingi milioni mbili na nusu, na kikoba chetu kiko tayari kunikopesha milioni mbili nyingine. Mume wangu ameniachia uamuzi, ila ameniomba mkopo huo usije ukagusa ada za watoto. Yuko pia rafiki anayeniambia nitumie mfumo wa Linux badala ya Windows kwa kuwa ni wa bure. Usiku ninalala na hesabu hizi na asubuhi ninaamka nazo. Nihamie Mac, au nibaki Windows?

Mhariri wa video, Mbeya

JIBU LA MSHAURI

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako kwa utulivu, na jambo la kwanza ninalotaka kukuambia ni kwamba swali uliloliweka mwishoni ni dogo kuliko mambo uliyoyaeleza kabla yake. Una kompyuta inayokwama, una kazi ya Mufindi ambayo itakulazimu kupokezana faili na mtu aliye Iringa, na una kaka ambaye upendo wake kwako umekuwa ukipitia kwenye mashine hiyo kwa miaka mingi. Kila ndugu yako amelijibu lile linalomgusa yeye, na wewe umebaki ukitafuta ununuzi mmoja utakaoyajibu yote. Hakuna ajabu kwamba hulali.

Ngoja tuanze na kukwama kwenyewe, kwa kuwa hapo ndipo barua yako iliponisimamisha. Umeandika, kwa kupita tu, kwamba kazi za A7 III bado zinakwenda. Kompyuta iliyochoka huchoka kwa kazi zote, lakini ya kwako inachagua. A7 III hurekodi video za biti 8 kwa mfumo wa 4:2:0, wenye taarifa chache za rangi kuliko 4:2:2, katika kodeki (njia ya kubana video) ya H.264, na kichakataji chako pamoja na hiyo GTX 1060 vina kitengo maalumu cha kufungua video za namna hiyo. XAVC HS ya kamera mpya hutumia H.265, kodeki ambayo ni kama belo la mitumba lililobanwa kwa mashine: kulisafirisha ni rahisi, shughuli iko kwenye kulifungua. Vifaa ulivyo navyo vinaweza kuifungua H.265 ya biti 10 ikiwa ni 4:2:0. Ikiwa ni 4:2:2, kile kitengo maalumu hakiiwezi, kazi yote inakiangukia kichakataji kikuu, nacho hakiwezi kwenda na mwendo wa fremu 50 kwa sekunde. Ndiyo maana sauti, ambayo ni nyepesi, inaendelea huku mdomo wa bwana harusi umeganda.

Nakuomba uliangalie jambo hili kwa makini kabla hujatoa hata shilingi, kwa sababu linagusa mapendekezo yote mawili uliyoletewa.

Chukua orodha ya kaka yako. Ni orodha ya mtu anayejua kazi yake, na kwa michezo ya kompyuta au kwa video za A7 III ingekutosha sana. Lakini herufi F iliyo mwishoni mwa i5-12400F inamaanisha kwamba kichakataji hicho hakina kitengo cha picha ndani yake, na kitengo hicho ndicho ambacho, katika vichakataji vya Intel vya mezani kuanzia kizazi cha 11, kinaweza kuifungua H.265 ya biti 10, 4:2:2. RTX 3060 nayo haiifungui. Katika kadi za NVIDIA za mezani, uwezo huo ulikuja na mfululizo wa RTX 50 mwaka 2025. Maana yake ni kwamba kompyuta hiyo mpya, pamoja na nguvu zake zote, ingeweza kukwama kwenye faili zilezile zinazokutesa leo. Core i5-12400 isiyo na F ingekuwa habari tofauti kabisa, na tofauti ya bei kati ya vichakataji hivyo viwili kwa kawaida si kubwa.

Sasa chukua ile MacBook Pro ya Kariakoo. Kwa nje inafanana na ya dada yako, lakini ndani ni kitu kingine. Apple ilianza kuachana na Intel mwezi Novemba 2020 ilipotoa chipu ya M1, na wepesi anaousifia dada yako unatokana na chipu hizo, ambazo zina kitengo cha kufungua H.265 ya 4:2:2 kwa urahisi. Mashine ya 2019 yenye Core i9 haina kitengo hicho, hupata joto haraka kazi inapokuwa nzito, na Apple imekwisha kutangaza kwamba macOS 26, mfumo wa Mac uliotoka mwaka 2025, ndilo toleo la mwisho litakalokubali kompyuta za Intel. Simwambii dada yako kwamba amekosea. Ametafuta kinachoingia kwenye mfuko wako. Lakini usije ukahama nyumba ya kaka yako kwa ajili ya Mac halafu ukakuta umenunua Mac isiyo na lile ulilolifuata. Na hata ukipata iliyotumika ya M1 au ya baadaye, hakikisha muuzaji ameiondoa kwenye akaunti yake ya Apple mbele yako, maana mashine iliyofungwa na akaunti ya mwenye kuiuza haitakusaidia kitu.

Kuna jaribio ambalo halina gharama. Badilisha mpangilio wa kamera, ubaki na XAVC HS ya biti 10, lakini uchague 4:2:0 badala ya 4:2:2. Nendeni mkapige mazoezi ya kwaya, mrudi, muifungue video hiyo kwenye kompyuta hiyohiyo bila kubadilisha chochote kingine. Utakachopoteza ni sehemu ya taarifa za rangi, ambayo huonekana zaidi unapofanya kazi ya kitambaa cha kijani au unapozivuta rangi kwa nguvu. Katika harusi ya mchana wenye mwanga mzuri, ni wateja wachache mno watakaoiona. Kwa vipindi vya Mufindi inabidi uulize kwanza mkataba unataka nini.

Kwa faili ulizokwisha kupiga, jaribu nakala nyepesi, ambazo wahariri wengi huziita proksi. Premiere Pro inaweza kuzitengeneza yenyewe kwa aina za faili ziitwazo ProRes Proxy au DNxHR: unaiacha kompyuta ikifanya kazi hiyo usiku, asubuhi unahariri kwa nakala nyepesi, na wakati wa kurenda programu inazirudia faili halisi. Ubaya wake ni kwamba zinakula nafasi ya diski na zinahitaji usiku wenye umeme. Uzuri wake utauona zaidi nitakapofika kwenye habari ya Iringa.

Sisemi kwamba ubaki na mashine hiyo milele. Microsoft iliacha kutoa masasisho ya kawaida ya usalama ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kichakataji chako cha kizazi cha 7 hakimo katika orodha ya vinavyokubaliwa na Windows 11. Kwa kompyuta inayopokea diski na flashi za wateja, hilo si jambo la kupuuzwa. Ninachosema ni kwamba kununua kwa sababu umeelewa unachokikosa ni tofauti na kununua kwa sababu umechoka.

Kuhusu dada yako: yeye anaamini kwamba ili mfanye kazi pamoja ni lazima muwe na mashine za aina moja, na nadhani wewe pia umeanza kuamini hivyo. Hapa ningependa utenganishe mashine na programu. Final Cut Pro iko kwenye vifaa vya Apple tu, yaani Mac na iPad, wala hakuna ya Windows. Premiere Pro iko kwenye Windows na kwenye Mac, na mradi ulioanzia huku hufunguka kule, ilimradi matoleo yalingane na fonti na plagini (programu ndogo za nyongeza) ziwepo pande zote mbili. DaVinci Resolve ya Blackmagic Design, kampuni ya Australia, iko kwenye Windows, Mac na Linux. Kwa hiyo kinachowatenganisha wewe na dada yako leo ni Final Cut na Premiere zaidi kuliko Mac na Windows. Miradi ya programu hizo mbili haifunguani. Kuna njia za kuhamisha mikato kutoka moja hadi nyingine, lakini maandishi, mageuzi ya picha na marekebisho ya rangi kwa kawaida hupotea au huharibika njiani.

Kuna swali ambalo sikuliona katika barua yako: je, mtahariri kipindi kimoja pamoja, au kila mmoja atakuwa na vipindi vyake? Umeandika kwamba wewe utahariri vingine na yeye vingine. Kama ndivyo, basi mnachopaswa kukubaliana ni idadi ya fremu kwa sekunde, ukubwa wa picha, viwango vya sauti, fonti za majina, mwonekano wa rangi na aina ya faili la mwisho. Mambo hayo yanaandikika kwenye ukurasa mmoja, na kila mmoja akabaki na programu aliyoizoea. Ila kama dada yako anataka kuingia ndani ya kazi yako, asogeze mkato hapa na pale, hapo mtahitaji programu moja, na mazungumzo ya nani ahame yanapaswa kuwahusu wote wawili. Kwa nini uwe wewe peke yako? Mac yake inaweza kuibeba Premiere au Resolve bila shida yoyote.

Umbali wenu nao una gharama yake. Kwa fremu 50 za 4K, kamera yako huandika hadi megabiti 200 kwa sekunde, yaani gigabaiti 90 hivi kwa saa moja ya kurekodi. Faili hizo hutazituma kwa bando la simu kutoka Mbeya hadi Kihesa. Zitasafiri kwa diski, ndani ya basi, zaidi ya kilomita 300. Diski hiyo iwe imeandaliwa kwa exFAT, mfumo wa kupanga faili kwenye diski, kwa kuwa Windows na Mac zote huisoma na kuiandikia, wakati Mac huisoma NTFS ya Windows bila kuiandikia, na Windows haiisomi kabisa APFS ya Mac. Lakini exFAT haivumilii kuchomolewa ghafla wala umeme kukatika katikati ya kuandika, kwa hiyo diski inayosafiri isiwe kamwe nakala yenu pekee. Zile nakala nyepesi nilizozitaja ndizo zinazoweza kupita kwenye intaneti pamoja na faili dogo la mradi, kila mmoja wenu akiwa na diski yake yenye faili halisi.

Sasa tuzitazame njia zilizoko mbele yako, na hatari za kila moja.

Ukinunua Mac yenye chipu mpya, utapata mashine inayofungua faili zako bila kelele na inayotumia umeme kidogo, jambo ambalo kwa mtu anayeishi na UPS si dogo. Si lazima iwe mpakato. Mac mini ya M4, iliyotoka mwishoni mwa 2024, huanza na gigabaiti 16 za kumbukumbu (RAM) na ungeweza kuiunganisha na skrini, kibodi na UPS ulizo nazo. Diski yake ya ndani ya gigabaiti 256 ni ndogo kwa kazi yako, hivyo ungehitaji SSD ya nje. Katika jambo moja kaka yako yuko sahihi kabisa: kumbukumbu uliyonunua siku ya kwanza ndiyo utakayoizika nayo mashine hiyo, haiongezwi. Na ikiharibika ubao wake mkuu, uwezekano wa kuokoa kilichomo ni mdogo. Jiulize pia kijana wako atajifunza lini, na ni kazi ya mteja gani itakayochelewa wakati anajifunza.

Ukibaki Windows kwa orodha ya kaka iliyorekebishwa, utapata mashine inayofunguka, inayokubali RAM zaidi mwaka ujao ikiwa fedha zitapatikana, na fundi aliye umbali wa daladala moja. Kijana wako ataendelea na kazi siku hiyohiyo. Hatari yake ni kwamba inahitaji umeme mwingi zaidi, UPS yako huenda isiibebe, na ubora wake utategemea kila kifaa kilichomo ndani, hasa kile kinachonunuliwa kwa bei rahisi kuliko vyote, yaani kisambaza umeme (power supply). Usimruhusu mtu yeyote, hata kaka, abane matumizi hapo.

Linux nitaipita haraka. Ni mfumo mzuri na DaVinci Resolve inafanya kazi juu yake, lakini toleo la bure la Resolve kwenye Linux halifungui H.264 wala H.265, na hizo ndizo kamera yako inazorekodi. Premiere haipo huko kabisa. Kwa sasa sioni kwamba rafiki yako amekutazama wewe alipokushauri.

Resolve yenyewe, juu ya Windows au Mac, ni njia ambayo hamjaitaja nyumbani kwenu. Toleo la bure hutoa video hadi 4K ya kawaida, na la kulipia, liitwalo Studio, hununuliwa mara moja kwa dola 295 za Marekani na leseni yake hukubali kompyuta mbili. Ukiipima na malipo ya kila mwezi unayoyatoa, na ukikumbuka kwamba mwezi usiolipa Premiere haifunguki, utaona kwa nini wahariri wengi wanaifikiria. Hata hivyo toleo la bure, hasa kwenye Windows, lina mipaka katika video za H.265 za biti 10, kwa hiyo lijaribu kwa faili zako mwenyewe kabla ya kuliamini. Na programu mpya haijifunzwi katikati ya kazi yenye tarehe ya kukabidhi.

Kuhusu maneno ya dada yako kwamba mhariri wa kweli hatumii Windows, nadhani ameyasema kwa mapenzi ya chombo chake, wala usiyachukue kama hukumu juu yako. Mwaka 2011 Apple ilipotoa Final Cut Pro X, wahariri waliokuwa na miaka ya kazi katika toleo lililotangulia walikuta programu mpya haifungui miradi yao ya zamani, na wengi walihamia Premiere, baadhi yao wakahamia na Windows. Mwaka 2013 Adobe ikatangaza kwamba matoleo yake mapya yatapatikana kwa malipo ya kujisajili tu, na wengine wakahama tena. Watu hao walikuwa na ustadi uleule kabla na baada ya kuhama. Wakulima wa Mbozi hawakuulizi nembo iliyo kwenye mashine yako. Wanakuita kwa sababu makala zako zinawafaa.

Nimebakiza kaka yako, na hapa naomba uniruhusu nizungumze kama mzazi. Unahisi kwamba ukinunua Mac ataona umemdharau. Inawezekana. Lakini ulichonieleza ni kwamba amepunguza kuja, na sababu umeikisia wewe. Huenda anaona aibu kukushauri jambo lenye gharama kubwa, au amesikia kwamba uamuzi umekwisha kufanywa Iringa na yeye akajulishwa tu. Ungeweza kwenda Mwanjelwa bila kumpelekea jibu, ukampelekea faili lenyewe: ile ibada ya ndoa, kwenye flashi, ukamwonyesha mdomo unavyosimama, ukamweleza habari ya 4:2:2 na ile herufi F. Fundi akionyeshwa hitilafu yenyewe, mara nyingi huacha kutetea orodha yake na kuanza kutafuta. Na hata siku utakaponunua Mac, bado kuna kazi ambayo anaijua kuliko wewe na dada yako: UPS inayotosha, diski mbili za akiba zinazokaa nyumba tofauti, nyaya za ardhini. Mwambie hilo mapema, kabla hajalisikia kwa watu.

Fedha nazo uzitazame kwa namna ambayo mume wako amekuomba. Umezihesabu milioni nne na nusu kana kwamba zote ni za kompyuta, lakini diski za kazi na za akiba hazimo katika hesabu hiyo, wala UPS, wala leseni. Tena kazi ya Mufindi, kwa maneno yako, imeahidiwa. Ningependa kujua kama kuna mkataba uliosainiwa, malipo ya awali ni kiasi gani, na nani atalipia diski na mabasi. Mkopo wa kikoba unaotegemea kazi iliyosainiwa una sura moja, na unaotegemea ahadi una sura nyingine. Kama marejesho yake yanaweza kulipwa na harusi na makala za kahawa peke yake, hata Mufindi isipokuja, basi ombi la mume wako litakuwa limeheshimiwa kwa njia yoyote utakayoichagua. Kama hayawezi, huenda jaribio la 4:2:0 na nakala nyepesi likakununulia miezi ya kusubiri bila kudaiwa na mtu. Kusubiri nako kuna gharama yake, kwa kuwa dada yako anahitaji kujua mapema kama yuko na wewe, hivyo mweleze unachokijaribu na lini utampa jibu.

Ukifika Kihesa kuzungumza naye, beba faili zako za A7 IV kwenye diski ya exFAT, mzifungue kwenye Mac yake. Final Cut Pro ina muda wa majaribio kwa mtu anayeanza kwenye Mac yake mwenyewe, lakini kwa siku hiyo moja itakutosha kukaa kwenye kiti chake na kukata dakika tano za harusi yako kwa mikono yako. Vidole vyako vitakueleza mambo ambayo mimi siwezi.

Mashine uliyoundiwa na kaka, vyovyote itakavyokuwa, usiiuze haraka. Miradi yako ya zamani imo humo, na wateja hurudi kuomba nakala baada ya miaka. Kabla malipo ya Premiere hayajasitishwa siku yoyote ile, toa video kamili ya kila kazi unayoithamini, uiweke kwenye diski ya akiba pamoja na faili halisi, na uitenge kompyuta hiyo na intaneti. Kijana wako anaweza kuendelea kutengenezea humo nakala nyepesi za video za 4:2:0, na kazi za A7 III zikaendelea kumalizikia hapo.